Sarafu ndani ya keki ya Mwaka Mpya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vasilopita

Kila ikifika Januari simu yangu hujaa picha zilezile: keki ya mviringo yenye tarakimu za mwaka juu yake, kisu pembeni, na ujumbe, "Ndugu, huku nilipo wameweka hela ndani ya keki. Nile nisile?" Ninaishi Athens, mtaa wa Kypseli, na mwaka huu natimiza miaka minane nikifanya kazi bekari. Majibu ambayo nimekuwa nikiyatuma mojamoja nimeyaweka hapa.

Vasilopita ni nini, na kwa nini ina hela ndani?

Ni keki (au mkate, tutafika huko) ambayo Wagiriki huikata usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari, saa ikishagonga sita, au siku yenyewe mezani baada ya chakula cha mchana. Ndani imefichwa sarafu moja. Atakayeikuta kwenye kipande chake ndiye mwenye bahati ya mwaka.

Jina lina sehemu mbili: Vasilis, yaani Basili, na pita, ambayo hapa haihusiani na kupita njia, ni neno la Kigiriki la mkate wa bapa au pai. Kwa Waorthodoksi tarehe 1 Januari ni sikukuu ya Mtakatifu Basili Mkuu, askofu wa Kaisaria ya Kapadokia, mji ambao leo unaitwa Kayseri na uko Uturuki. Alifariki mwaka 379. Zawadi za watoto nazo huletwa na huyu Basili siku ya Mwaka Mpya. Amevaa joho lilelile jekundu na ana ndevu zilezile za yule mzee wa Krismasi mnayemjua, ila huku anaitwa Agios Vasilis na anachelewa wiki moja.

Ilianzaje? Mtakatifu na sarafu wapi na wapi?

Wagiriki wanasimulia hivi. Mtawala aliudai mji wa Kaisaria kodi kubwa, na watu hawakuwa na cha kulipa. Wakavua hereni, pete na mikufu, wakamkabidhi askofu wao akaombe radhi kwa niaba yao. Mtawala akaona haya (wengine husimulia kwamba alitishwa na jeshi la malaika) akaondoka mikono mitupu. Basili akabaki na rundo la dhahabu asijue pete ipi ni ya nani. Kila mtu angeweza kudai mkufu mzito kuliko aliotoa, na ugomvi ungeanza. Akaamuru iokwe mikate midogo, ndani ya kila mmoja kikatiwa kitu kimoja, ikagawiwa mji mzima. Kila aliyemega wake akakuta alichokitoa mwenyewe.

Hiyo ni hekaya. Kilicho kwenye historia ni kwamba Kapadokia ilipigwa na njaa kali mwaka 369, na Basili akawakemea matajiri waliofungia nafaka ghalani huku watu wakifa. Baadaye alijenga nje ya mji wake mahali pa kutunzia wagonjwa, maskini na wasafiri. Mtu wa namna hiyo hata ukimsimulia kisa cha mikate yenye dhahabu, kinamkaa.

Tabia ya kumteua mtu wa sikukuu kwa bahati nasibu ni ya kale kuliko Basili. Warumi kwenye sherehe zao za Desemba, Saturnalia, walipiga kura kumpata "mfalme" wa karamu, na alichoamuru mezani kilitendwa. Mwaka 54 kura ilimwangukia Nero, kaisari wa Roma, naye akamlazimisha ndugu yake wa kambo, Britannicus, asimame aimbe mbele ya watu. Wiki chache baadaye Britannicus alikuwa marehemu, na si kwa sababu ya kuimba.

Kwa nini sarafu yenyewe wanaiita flouri?

Flouri ni sarafu ya dhahabu. Neno linatokana na florini, sarafu iliyoanza kufuliwa Florence mwaka 1252 na kuzunguka Mediterania yote. Siku hizi mara nyingi ni euro ya kawaida, au kidude kilichochovywa rangi ya dhahabu ambacho sisi bekari hununua kwa pakiti. Familia zenye uwezo hutia pauni ya dhahabu ya Kiingereza, ile wanayoiita lira. Hapo ndipo utakapoona watu wanavyokata keki kwa hesabu.

Inakatwaje? Nimealikwa na sitaki kuaibika.

Wewe kazi yako ni kukaa na kungoja jina lako. Anayekata ni mwenye nyumba, baba au mama, na hakuna anayejichukulia kipande.

Nitakueleza nilivyoona kwa bibi anayeishi ghorofa ya chini yangu. Kwanza anaizungusha sahani, ili hata yeye asikumbuke sarafu aliisokomeza upande gani. Kisha kwa ncha ya kisu anachora msalaba juu ya keki mara tatu. Halafu anaanza kukata na kutaja, kipande kimoja jina moja, bila haraka: cha Kristo, cha Mama wa Mungu, cha Mtakatifu Basili, cha nyumba, cha maskini. Ndipo wanakuja watu, kuanzia mkubwa hadi mdogo. Nyumba nyingine hukata na cha mgeni, yule ambaye hajulikani lakini anaweza kubisha hodi. Wengine wana cha duka, cha mashua, hata cha mbuzi, kulingana na kinachowapa riziki. Utaratibu haufanani nyumba kwa nyumba, na kila nyumba itakuapia kwamba wa kwao ndio sahihi.

Usianze kuchokonoa kipande chako kwa uma kabla wote hawajapata. Watoto hufanya hivyo na hukemewa. Mtu mzima akifanya, hakuna anayemkemea, lakini wamemwona.

Ukipewa, sema "Kali chronia", mwaka mwema. Inatosha.

Kuna kipande cha mtu ambaye hayupo? Kwa nini wanamkatia?

Kwa sababu ni wa nyumba hiyo. Swali hili ndilo ninalopenda kulijibu kuliko yote, maana wageni wote hukodolea macho sarafu, na mimi baada ya miaka yote hii naona sarafu ni kisingizio tu. Keki ile ni daftari la nyumba. Anayekata anahesabu watu wake kwa sauti, mbele ya mashahidi, mara moja kwa mwaka: nani bado wetu, nani kaongezeka. Mkwe mpya hukatiwa kwa mara ya kwanza na meza nzima inasikia jina lake likitajwa. Aliye jeshini anakatiwa. Aliye baharini anakatiwa. Mtoto aliye tumboni nimeona akikatiwa, na mama yake akakila kwa niaba yake.

Yule bibi ana mwana Melbourne, ambako Wagiriki ni wengi mno. Mwaka fulani sarafu ikatokea kwenye kipande chake. Huku ilikuwa ndiyo kwanza saa sita na nusu usiku. Kule tayari saa tatu na nusu asubuhi. Bibi akampigia akamwelekezea simu sarafu, kisha akaifuta kwa khanga niliyompa zawadi, akaiweka kwenye bahasha pamoja na kipande chenyewe. Nilimwambia keki haitafika Australia. Akanitazama kama mtu aliyesema upuuzi kanisani.

Sarafu ikitokea kwenye kipande cha Kristo, cha nyumba au cha maskini, ni ya nani?

Ya Kristo na ya watakatifu hupelekwa kanisani. Ya nyumba ni bahati ya wote waishio humo, na mara nyingi huwekwa karibu na picha takatifu. Ya maskini hupewa mhitaji wa kwanza utakayekutana naye, ikiongezewa kitu. Ukiwa na sarafu ya senti kumi usimpe mtu senti kumi ukasema umetimiza.

Kisu kikiigonga sarafu katikati ya vipande viwili je?

Ugomvi wa kila mwaka. Kanuni ninayoisikia zaidi ni kwamba inamwendea mwenye kipande kilichobeba sehemu kubwa ya sarafu. Wapo wanaosema wagawane bahati. Ikiwa waliogongana ni watoto wawili, andaa sarafu ya pili mfukoni.

Mbona ofisini kwetu wanakata hadi Februari? Mwaka Mpya si umepita?

Umepita, ila kukata kunaendelea. Wizara, timu za mpira, vyama vya wafanyakazi, shule, vikundi vya watu wa kijiji kimoja waliohamia mjini, wote wana vasilopita yao, na zote haziwezi kukatwa siku moja. Kwa hiyo Januari nzima na sehemu ya Februari kuna hotuba, keki kubwa na zawadi kwa atakayepata sarafu: tiketi ya safari, chakula cha watu wawili, pengine kikapu cha mvinyo. Kwa sisi waokaji hilo ni jambo la kushukuru, ingawa ikifika wiki ya tatu harufu ya maganda ya machungwa nimeichoka hadi kwenye nguo.

Mimi ni mfanyakazi tu, si wa ukoo. Nikiipata mimi si watakasirika?

Hawatakasirika. Nisikilize, maana mimi nililipata hilo kwa aibu.

Nilianza bekari mwezi Novemba, kazi ikiwa kuosha trei na kulisha mashine ya kukandia. Kigiriki changu kilikuwa cha kuhesabu chenji. Siku ya pili ya Januari tajiri akatuita wote jikoni akakata keki. Nikauma, nikasikia chuma. Moyo ulinilipuka: nati ya mashine imedondokea kwenye unga, na mashine ni jukumu langu. Nikaitema kwenye kiganja, nikaitumbukiza mfuko wa aproni, nikaendelea kutafuna kama si mimi.

Basi wenzangu wakaanza kuvunjavunja vipande vyao. Hakuna. Wakakigeukia cha Kristo, wakakivunja. Hakuna. Cha nyumba, cha maskini, yote makombo. Tajiri akaapa kwamba aliitia kwa mkono wake mwenyewe. Ilibidi mwenzangu wa Georgia anieleze kwa ishara, akichora duara kwa kidole na kulibusu, ndipo nikaingiza mkono mfukoni. Ilikuwa euro 2 ndani ya foili. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini juu ya gunia la unga.

Tajiri alinipa na bahasha. Kwa hiyo ukiipata, inyanyue juu wakuone.

Ni keki au mkate? Na mbona nimewahi kula ya nyama?

Vyote. Mijini imezoeleka keki ya siagi na machungwa. Ipo ya hamira, laini kama mkate wa maziwa, inayotiwa mahlepi (kiini cha kokwa za cheri ya mwituni kilichosagwa) na masticha, utomvu wa mti unaovunwa kisiwa cha Chios. Hiyo inahusishwa na Wagiriki wa Constantinople (leo Istanbul) na Smyrna (leo Izmir). Wengi, hasa wa Smyrna, walikuja Ugiriki kama wakimbizi baada ya vita vya Ugiriki na Uturuki vilivyoisha 1922 na mkataba wa kubadilishana watu wa 1923, wakaja na mapishi yao. Upande wa kaskazini, Epirus, Makedonia na Thrace, utakuta vasilopita ya chumvi: pai ya tabaka nyembamba yenye jibini, liki au nyama. Mimi ya nyama ndiyo naipenda. Inanikumbusha sambusa, ila usiwaambie.

Nataka kuioka mwenyewe nyumbani. Naomba vipimo.

Kwa trei ya mviringo ya sentimita 26: siagi gramu 250 iliyolainika, sukari gramu 350, mayai 5, mtindi mzito mililita 200, unga wa ngano gramu 500 uliochekechwa na vijiko 4 vya chai vya beking pauda na chumvi kidogo, maganda yaliyokwaruzwa ya machungwa 2 na maji ya chungwa 1.

Piga siagi na sukari hadi iwe nyeupe, usiwe mvivu hapo. Tia yai mojamoja. Kisha unga na mtindi kwa kupokezana, mwisho chungwa. Oka nyuzi 170 kwa dakika 50 hadi 60. Kijiti kikitoka kikavu, tayari. Ikipoa, funika juu kwa sukari ya aisingi, na tarakimu za mwaka zikate kwenye karatasi uzitumie kama kiolezo, au zipange kwa lozi. Mimi nyumbani huongeza iliki kijiko kimoja. Mgiriki halisi atakunja uso, kisha ataomba kipande cha pili.

Sarafu naiweka kabla ya kuoka au baada?

Baada. Ukiitia kwenye uji wa keki huzama hadi chini na huonekana ukipindua. Subiri ipoe, igeuze, chana kidogo kwa kisu upande wa chini karibu na ukingo, isukume ndani, rudishia. Isiwe katikati kabisa, pale vipande vyote vinapokutana. Utaikata kila mara.

Sarafu si chafu? Imepita mikono mingapi!

Chafu, ndiyo. Isugue kwa sabuni na brashi, ichemshe dakika kumi, ikaushe, ifunge vizuri kwa foili. Chagua kubwa, euro 2 ina kipenyo cha milimita 25.75 na mtu mzima huihisi kabla haijafika kooni. Kwa walio Tanzania, ile ya shilingi 500 inafaa. Keki yenye sarafu usiipashe moto kwenye maikrowevu.

Na mtoto akiimeza?

Kwenye meza yenye watoto chini ya miaka mitano mimi situmii sarafu. Tumia kipande cha karatasi kilichofungwa, kinachobadilishwa na zawadi, au kata cha mtoto wewe mwenyewe na kukikagua.

Akiwa ameimeza: kama hawezi kupumua, kukohoa wala kulia, hiyo ni kukabwa, msaidie papo hapo na uite msaada. Kama anapumua lakini anadondosha mate, anakataa kumeza, anashika kifua au anatapika, hospitali sasa hivi. Hata akionekana mzima, mpeleke akapigwe picha ya eksirei, kwa kuwa sarafu inaweza kukwama kwenye umio bila kelele. Usimtapishe. Usimpe chakula wala kinywaji hadi aonwe. Na kama kuna uwezekano kwamba alichomeza ni betri ndogo ya duara, ile ya saa au ya rimoti, usingoje chochote: hiyo huunguza umio ndani ya saa mbili.

Ni Wagiriki peke yao?

Hapana. Waserbia wana česnica, mkate wa Krismasi yao ya tarehe 7 Januari. Hauguswi na kisu, wote wanaushika, wanauzungusha, kisha wanaumega kwa mikono na sarafu inaanguka mbele ya mmoja wao. Wabulgaria hutia sarafu kwenye mkate wa mkesha wa Krismasi, na kwenye banitsa, pai yao ya jibini, ya Mwaka Mpya huweka karatasi zenye bashiri. Kaskazini mwa China sarafu iliwekwa ndani ya kidonge kimoja cha jiaozi (vidonge vya unga vyenye nyama au mboga ndani) wakati wa sikukuu ya mwaka wao. Siku hizi wengi hutia karanga au tende, wakiokoa meno.

Waingereza walitia sarafu ya fedha ya peni sita kwenye pudini ya Krismasi. Ilipofika 1947 walianza kuifua kwa shaba na nikeli badala ya fedha, na mwaka 1980 ikaondolewa kabisa kwenye matumizi, lakini wapo wanaoitunza kabatini kwa kazi hiyo moja. Australia nayo ilipohamia dola mwaka 1966, watu waligundua sarafu mpya hazipatani na pudini. Wakabakiza zile za zamani za fedha: ukiipata unabadilishiwa na hela ya kutumika, yenyewe inarudi kabatini.

Ufaransa haina sarafu. Ina fève, zamani punje ya haragwe pana, sasa kisanamu cha kauri, ndani ya keki ya tarehe 6 Januari. Mtoto mdogo kuliko wote huingia chini ya meza na kupaza sauti, hiki cha fulani, ili asiwepo wa kulaumiwa. Anayeipata ni mfalme. Keki inayopelekwa ikulu ya Élysée haitiwi fève. Rais wa jamhuri hawezi kuangukiwa na ufalme kwa bahati mbaya.

Mexico, ukipata kisanamu cha mtoto kwenye keki yao ya tarehe hiyohiyo 6 Januari, umenunua deni: tarehe 2 Februari wewe ndiye wa kuwalisha wenzako tamale, unga wa mahindi uliojazwa kitu na kupikwa kwa mvuke.

Kwetu Afrika Mashariki ipo?

Kwa Wagiriki, ndiyo, na wamekuwepo siku nyingi: kwenye mashamba ya mkonge na kahawa Tanganyika, na kwenye biashara Lubumbashi. Waorthodoksi Waafrika wa Uganda, Kenya, Tanzania na Congo wako chini ya Patriarki wa Alexandria, hivyo sikukuu ya Basili ni yao pia, ingawa wanaofuata kalenda ya zamani, kama Uganda, huifikia baadaye Januari. Kama una parokia ya Kiorthodoksi jirani, kawie kidogo baada ya ibada ya siku hiyo uone kama kuna keki.

Kwetu Waswahili sisi shilingi hukaa nje ya chakula. Mtoto hupewa mkono wa Idi kiganjani, anaona ni kiasi gani, anakimbia dukani. Mtu aliyelelewa na mama mwenye kuchambua mchele kwenye ungo, chuya huku na mawe kule, ili mgeni asivunjike jino kwenye sinia, haimwingii akilini kwa urahisi kwamba mwenzake atie chuma kwenye keki makusudi. Mama yangu nilipomweleza aliuliza swali moja: "Na hao si wana daktari wa meno?"

Hii si kamari au ushirikina?

Kamari huwa na dau, na hapa hakuna aliyeweka kitu. Kuhusu imani: makasisi wa Kiorthodoksi huibariki wenyewe. Ni sikukuu ya mtakatifu, kwa hiyo kama dini yako ni nyingine na una shaka, muulize sheikh au mchungaji wako. Ukiwa mgeni, kukataa kwa heshima kunaruhusiwa, na hawatakulazimisha.

Nikishaipata niifanye nini?

Wengi huiweka kwenye pochi mwaka mzima bila kuitumia, hadi keki inayofuata. Yangu ile ya kwanza, euro 2 ya foili, ilifika Aprili. Nilipungukiwa dukani, nyuma yangu foleni ndefu, nikaitoa ikanunua maziwa.